Zinaa, Uchafu na Yutiai: Historia Fupi Kutoka Ujiji

Nilikuwa na miaka 25 na ndoa ya miezi saba siku nilipokaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya mkoani Kigoma nikisubiri kuitwa. Ilikuwa likizo. Nilitoka chuoni Dar es Salaam kwa treni, na tangu Dodoma nilikuwa nawashwa. Nilipofika nyumbani nilikuwa siwezi kukaa vizuri. Nikamwambia mama nina yutiai. Mama akaniambia ninywe maji mengi. Wote wawili tulijua kwamba yutiai ni neno la stara.

Muuguzi aliyenihudumia alikuwa dada mpole mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake. Hakunipima. Aliniuliza kama natokwa na uchafu, kama nawashwa, kama nina mume. Kisha akatazama karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye visanduku na mishale, na mshale wa mwisho ukaishia kwenye dawa. Akanipa vidonge vya aina mbili. Dawa ya kuweka ukeni ilikuwa imeisha, nikanunue duka la dawa. Akanipa pia kikaratasi cha kumpelekea mume wangu, ili naye aje atibiwe. Juu yake palichapwa maneno matatu: magonjwa ya zinaa.

Mume wangu alikisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umeyapata wapi?" Yeye anafanya kazi Kigoma, mimi nasoma Dar es Salaam. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili za reli, na usiku ule zote zililala katikati ya kitanda.

Nasoma historia, shahada ya uzamili. Siku zile sikuwa na akili ya kusoma kitu chochote. Nilikwenda Ujiji kwa bibi mzaa mama, nikalala kwake siku tatu, nikimeza vidonge vilivyonitia kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Usiku wa pili nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hilo neno si geni humu ndani, mjukuu wangu. Mama mkubwa alikufa nalo."

Mama mkubwa ni dada wa mama yake bibi. Kwa hesabu ya bibi, aliolewa mara ya kwanza kabla ya vita vya Hitler, akiwa binti mdogo. Hakuzaa. Aliachwa. Akaolewa tena, akaachwa. Akaolewa mara ya tatu, akaachwa. Ujiji ilimwita tasa, na wazungu wa dispensari wakasema damu yake ina ugonjwa. Bibi hakujua ugonjwa gani. Alijua tu kwamba ulikuwa ni ule wa wanawake wanaotembea.

Niliporudi chuoni nilianza kumtafuta mama mkubwa. Sikutarajia kuona jina lake mahali, kwa kuwa wanawake wa namna yake hawaandikwi majina. Nilitafuta neno lililompata.

Ujiji ni mji mkongwe. Burton na Speke walifika mwaka 1858 wakakuta watu wa pwani wameshaweka makazi na biashara. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, na mpaka leo watoto wa shule hupelekwa kutazama jiwe la kumbukumbu. Wanachosimuliwa kwa ufupi sana ni habari za watu waliovushwa ziwa kutoka magharibi. Wamanyema ni jina lililobeba makabila mengi ya mashariki ya Kongo. Walifika Ujiji katika karne ya 19 pamoja na biashara ya pembe za ndovu na watumwa: wengine mateka, wengine wapagazi, wengine wafanyabiashara. Walishika Uislamu na Kiswahili, wakawa watu wa mji. Upande wa bibi, sisi ni hao.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916 na kuushikilia mpaka 1921, Waingereza wakaupokea. Mwaka 1922 sheria ikafuta utumwa Tanganyika. Kwa hiyo mwanamke wa Kimanyema wa miaka ile alikuwa mtu wa aina mpya machoni pa serikali. Aliweza kuachika na kuolewa tena, aliweza kuishi na wanawake wenzake, na aliweza kupanda treni akaenda Tabora au Dar es Salaam kwa ndugu zake.

Mwanahistoria Sheryl McCurdy ameandika kwa kina juu ya wanawake hao. Makala yake moja inashughulikia miaka ya 1926 hadi 1936, wakati maofisa wa Kiingereza walipokuwa na wasiwasi juu ya uzazi mdogo wa wanawake wa Kimanyema na magonjwa waliyoyaita ya zinaa. Nyingine inaeleza jinsi maofisa na wamisionari walivyoizungumzia Ujiji kama mji ambao watu wake wanakwisha. Katika mazungumzo hayo lawama zilitua kwa mwanamke wa mjini: dini yake, mwenendo wake, safari zake.

Niliyasoma hayo maktaba saa za jioni, nikakumbuka kile kikaratasi. Karibu miaka mia imepita, na bado mwanamke anayepanda treni ya Kigoma ndiye anayeulizwa ameyapata wapi.

Lakini historia haisomwi kwa hasira peke yake. Nilijiuliza: daktari wa mwaka 1930 angeweza kujua nini? Kwa kaswende, kulikuwa na kipimo cha damu cha Wassermann, kilichogunduliwa mwaka 1906. Kipimo hicho hakitofautishi kaswende na buba, na buba, ambayo huambukizwa kwa kugusana ngozi tu, hasa kwa watoto, ilikuwa imejaa Tanganyika. Mtu aliyeugua buba utotoni aliweza kuonekana ukubwani kuwa na damu ya kaswende. Kosa la namna hiyo lilishatokea Uganda. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba sehemu kubwa kabisa ya Baganda wana kaswende, na kati ya sababu alizozitaja ni uhuru walioupata wanawake. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba hesabu zile zilichanganya magonjwa yasiyohusiana na ngono.

Kwa kisonono hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwanaume mwenye kisonono kwa kawaida huona usaha na maumivu ya kukojoa. Mwanamke anaweza asione kitu, huku vimelea vikipanda taratibu kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu yanayoiziba. Klamidia hufanya vivyo hivyo, tena kimya zaidi, na nafasi yake katika magonjwa ya wanawake ilikuja kueleweka vizuri miaka ya 1970 tu. Kwa hiyo mwanamke angeweza kuolewa akiwa bikira, akaambukizwa na mume wake, akaziba mirija, akaachwa kwa kutozaa, kisha akaitwa chanzo cha ugonjwa.

Na dawa? Sindano za arseniki na bismuthi ziliponya vidonda vya buba kwa namna iliyowashangaza watu, na ndizo zilizoipa sindano sifa yake Tanganyika. Kwa kisonono hazikufaa. Dawa za salfa zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930, penisilini miaka ya 1940. Katika ile miaka kumi ya wasiwasi juu ya Wamanyema, serikali ilikuwa na lawama ya kumpa mwanamke mwenye kisonono, lakini haikuwa na tiba.

Wanawake wenyewe hawakukaa kimya. Ujiji ilikuwa na vyama vya wanawake, vya ngoma na vya pepo, vilivyoshughulika na uzazi, ndoa na huzuni. Vilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1932 vyama vilivyoshindana vilizusha ugomvi ambao McCurdy ameuandikia makala nzima. Bibi anakumbuka mama mkubwa akipelekwa kupungwa pepo. Zamani nilidhani huo ni ushamba. Sasa naona kwamba pale kilingeni, tofauti na dispensari, hakuna aliyemwuliza amelala na nani. Walimwuliza anaumwa wapi na nani amemuudhi. Makovu ya mirija hayaondoki kwa ngoma, lakini aliweza kurudi nyumbani akiwa bado ana wenzake.

Baada ya vita dawa zikafuatana. Nistatini, dawa ya kwanza salama ya kuvu, ilipatikana mwaka 1950. Mwaka 1955 Gardner na Dukes, watafiti wa Marekani, walieleza hali ambayo leo huitwa vajinosisi ya bakteria. Hapo bakteria walinzi wa uke, wanaotengeneza asidi, hupungua, na wengine huongezeka, ndipo huja ute mwepesi na harufu ya samaki. Karibu na mwaka 1960 ikaja metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, dawa ya trikomona na baadaye ya vajinosisi pia. Kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na dawa ya karibu kila kitu kinachomwasha au kumtoa ute mwanamke.

Ikawa pia wazi kwamba vitu hivyo si kimoja. Trikomona huambukizwa kwa kujamiiana. Kuvu, tunaoita fangasi, kwa kawaida ni mkazi wa mwilini mwenyewe, anayeongezeka wakati wa ujauzito, kisukari kisipodhibitiwa, au baada ya kumeza dawa za kuua bakteria. Vajinosisi iko katikati: inahusiana na ngono, lakini haihesabiwi pamoja na kisonono. Vitatu hivyo vyote kwa Kiswahili cha kliniki huitwa jina moja, kutokwa na uchafu. Hata ute wa kawaida, ambao kila mwanamke anao na ambao hubadilika kadiri siku za mwezi zinavyokwenda, umeingizwa humo. Ni ajabu kwa nchi za maziwa makuu. Kagera kuna katerero na Rwanda kuna kunyaza, namna za tendo la ndoa ambazo maji ya mwanamke ndiyo sifa yake. Kilichokuwa sifa chumbani kimekuwa uchafu kwenye daftari la hospitali.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, watafiti walijaribu jambo la maana sana. Walichagua jamii 12. Katika sita, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila maabara, na wakahakikishiwa dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika zile nyingine sita. Kwa zahanati isiyo na darubini wala umeme hiyo ilikuwa habari kubwa. Ile karatasi ya mishale iliyobandikwa ukutani siku yangu ni mjukuu wa kazi ya namna hiyo, na sina haki ya kuidharau. Iliokoa watu.

Ila tangu miaka ile ile ya 1990, uchunguzi kwa wajawazito wa Mwanza ulionyesha udhaifu wake. Kwa mwanaume mwenye usaha, au kwa mtu yeyote mwenye kidonda, mishale hufika mahali sahihi mara nyingi. Kwa mwanamke anayetokwa na ute, hukosea pande zote mbili. Wenye kisonono na klamidia wengi hawana dalili, hivyo hupita. Wenye dalili wengi wana kuvu au vajinosisi, nao hupewa dawa za kisonono pamoja na kikaratasi cha mume.

Nimeandika mpaka hapa bila kusema habari za kitanda, na kitanda ndicho kilichonifanya niandike. Fangasi huwasha na kuvimbisha. Tendo la ndoa huwa kama kusuguliwa jeraha. Mwili ukishazoea kuumia hujifunga wenyewe hata ugonjwa ukiisha. Vajinosisi pengine haiumi, lakini harufu humfanya mwanamke ageukie ukutani kabla hajaguswa. Dawa nazo zina gharama. Metronidazoli hutia kichefuchefu, krimu humwagika kwenye shuka, na dawa za kuua bakteria huweza kuleta fangasi ambaye hakuwepo. Zaidi ya nusu ya wanawake wanaotibiwa vajinosisi hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Anayerudiwa mara ya tatu hajiulizi tena juu ya bakteria, bali juu ya mume wake, au mume wake hujiuliza juu yake.

Hapo ndipo tunapoanza kujitibu. Utafiti uliofanywa Mwanza umeonyesha wanawake wengi wakijiosha ndani kwa vidole na sabuni, kwa usafi na kwa ajili ya mume. Wengine huweka shabu ili wakaze. Kadiri tunavyosugua ndivyo tunavyowaondoa wale bakteria walinzi, na ndivyo harufu tuliyoikimbia inavyorudi. Simuni zetu zimejaa matangazo ya dawa za fangasi sugu na yutiai sugu. Sijui mwenzangu hata mmoja wa bweni ambaye hajawahi kununua kitu cha namna hiyo, nami nimenunua. Tunanunua kwa sababu muuza dukani hatoi kikaratasi.

Ndiyo maana neno yutiai limepanuka hivi. Kwa daktari ni maambukizi ya njia ya mkojo tu. Kwetu ni kila kitu cha huko chini ambacho hatutaki kiitwe zinaa. Ukitafakari utaona uzito wa neno lile. Kiingereza cha wakoloni kiliyaita magonjwa haya kwa jina la Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi. Kiswahili kikachukua neno la Kiarabu lenye maana ya dhambi ya kuzini. Wizara na wahudumu siku hizi husema pia magonjwa yatokanayo na kujamiiana, maneno marefu lakini yasiyomhukumu mtu. Mke aliyeambukizwa na mume wake wa ndoa hakuzini. Mwenye fangasi hakuzini. Neno moja tu kwenye karatasi liliingia chumbani kwetu likakaa miezi minne.

Nilipimwa Dar es Salaam. Mtaalamu wa maabara alichukua ute kidogo, akautazama kwa darubini, na kabla ya nusu saa jibu likatoka: kuvu. Aliniuliza kama nilikuwa nimetumia dawa yoyote kabla ya kuanza kuwashwa. Nikakumbuka. Wiki moja kabla ya safari nilimeza amoksilini kwa ajili ya tonsili. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilipata dawa ya kuweka ukeni, nikapona kwa siku chache, ugonjwa ule. Nilimtumia mume wangu picha ya majibu. Akajibu, "Samahani." Neno hilo moja. Lakini mwili wangu ulichelewa kulisikia, na ilituchukua muda, na maongezi ya aibu mengi, kabla sijaacha kukaza miguu anaponisogelea. Shirika la Afya Duniani, linapoeleza afya ya kujamiiana, linataja usalama na raha pia. Katika kliniki zote nilizopita hakuna aliyeniuliza habari ya raha.

Mwaka 2025 watafiti wa Australia walichapisha matokeo juu ya vajinosisi kwa wanawake wenye mwenza mmoja. Katika kundi moja alitibiwa mwanamke peke yake, kama ilivyozoeleka. Katika kundi la pili mwanaume naye alipewa vidonge na krimu kwa siku saba. Ndani ya wiki 12, waliorudiwa walikuwa asilimia 63 katika kundi la kwanza na asilimia 35 katika la pili. Kwa miaka mingi tuliambiwa kumtibu mwanaume hakusaidii. Kumbe wengine tulikuwa tukijisugua kwa sabuni kwa jambo ambalo nusu yake lilikuwa upande wa pili wa kitanda.

Likizo iliyofuata nilimpelekea bibi habari zote hizi, nimekaa naye uani akichambua dagaa. Nilimweleza juu ya kipimo kisichotofautisha buba na kaswende, juu ya mirija, juu ya dawa ambazo hazikuwepo. Alisikiliza kwa makini kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Nilipomaliza nilimwuliza swali nililolibeba tangu Dar es Salaam: wale waume watatu wa mama mkubwa, je, kuna hata mmoja aliyewahi kupimwa?

"Kupimwa?" Bibi aliweka ungo chini. "Yule wa kwanza alioa tena hapa hapa Ujiji. Mwanamke wa pili naye hakuzaa. Wakamwita tasa."